Usitume andiko zima bado

Mkuu, umeuliza kama utume andiko zima la utafiti wako wa wahamiaji wa Marekani kwa Russell Sage Foundation, lile shirika linalofadhili utafiti wa jamii, ili uombe pesa. Usitume bado. Wale jamaa wako New York tangu 1907 na wanataka kwanza barua fupi ya kueleza wazo, wakiipenda ndo wanakwambia ulete andiko kamili. Ila hiyo rasimu uliyoweka hapa, samahani, imejaa "changamoto za wahamiaji" mwanzo mwisho, sasa swali liko wapi? Andika kitu kinachopimika, mfano mzazi akipata uraia mtoto anasoma miaka mingi zaidi au la, halafu sema data unatoa wapi, sensa ama mahojiano, maana hapo ndo wengi wanapigwa chini. Na wanalipia utafiti tu, ile semina ya kusaidia familia uliyoiweka kwenye rasimu iondoe.