Kingamwili inaishika NGF, mbona vinyuzi bado vinaota?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nafanya kazi na seli za PC12, zilizotokana na uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya. Nikizipa NGF, protini inayokuza neva, nanogramu 100 kwa mililita, zinaota vinyuzi kama vya neva vizuri. Nilitaka kuhakikisha ni NGF kweli inayofanya hivyo, nikaongeza kingamwili dhidi ya NGF tuliyo nayo maabara. Chupa yake ina miligramu 1 kwa mililita. Niliizimua mara 5,000, kama tunavyofanya kwenye westani bloti (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili), ambako inatoa mstari safi kabisa. Vinyuzi vikaota kama kawaida. Je, kingamwili imeharibika? Halafu msimamizi wangu anauliza kama tunaweza kuitumia kuzuia BDNF pia, protini nyingine ya kukuza neva, kwa kuwa hizi mbili ni ndugu.

JIBU: Marahaba. Kama mstari wa bloti bado ni safi, sina sababu ya kuishuku chupa. Shida ni kwamba bloti inakwambia kingamwili inashika, haikwambii inazima. Ukishika ufunguo kwenye kichwa chake, meno bado yanaingia kwenye kufuli. Vivyo hivyo, kingamwili inaweza kuing'ang'ania NGF upande ambao TrkA, kipokezi cha NGF kwenye seli, hakiuhitaji, na ishara ikapita bila kizuizi. Tena kwenye bloti protini imechemshwa na sabuni na kukunjuliwa, wakati NGF iliyo kwenye sahani ya seli imekunjwa na kufungwa kwa madaraja ya salfa. Ziko kingamwili zinazoijua ile iliyokunjuliwa tu.

Kwa hiyo kwanza soma karatasi iliyokuja na chupa. Tafuta mahali palipoandikwa kwamba imejaribiwa kuzima kazi ya NGF kwenye seli hai, na kiasi kilichohitajika kupunguza mwitikio kwa nusu. Kama imeandikwa bloti na kupaka rangi vipande vya tishu peke yake, usijisumbue, tafuta nyingine. Angalia pia ilitengenezwa dhidi ya NGF ya nani. Wengi tunatumia NGF ya tezi za mate za panya, na hiyo inafanana na ya binadamu kwa karibu asilimia 90. Unaweza kudhani inatosha, lakini tofauti ndogo ikiangukia pale pale kingamwili inaposhika, kazi imeharibika.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hata kama kingamwili yako ni ya kuzima, kwa kiasi hicho isingeweza. Ukizimua miligramu 1 mara 5,000 unabaki na mikrogramu 0.2 kwa mililita. Molekuli ya IgG, aina ya kawaida ya kingamwili, ina uzito wa takriban daltoni 150,000, kwa hiyo hiyo ni kama nanomola 1.3. NGF hutembea ikiwa jozi, na jozi moja ni daltoni 26,000 hivi. Nanogramu 100 kwa mililita ni karibu nanomola 3.8. Yaani kila kingamwili moja inakabiliana na jozi za NGF karibu tatu, na ina mikono miwili tu. Uzimuaji wa bloti haukuwahi kukusudiwa kwa vita hivi.

Rekebisha pande zote mbili. Punguza NGF kwanza: chora mkunjo wa dozi (mchoro wa mwitikio kwa kila kiasi), kisha chagua kiasi kidogo kabisa ambacho bado kinakupa vinyuzi vya kuhesabika. Ukifanya kazi na dozi iliyopita kiasi, kingamwili inaweza kunyonya asilimia 90 ya NGF na bado zikabaki nanogramu 10, ambazo zinaweza kuotesha vinyuzi. Halafu panga kingamwili kwa ngazi, kuanzia mikrogramu 0.1 hadi 30 kwa mililita. Unachotafuta ni mteremko. Sahani moja ya "imo" na nyingine ya "haimo" haiwezi kukuonyesha huo.

Changanya NGF na kingamwili kwenye midia (maji ya kukuzia seli), acha kwenye nyuzi 37 kwa saa moja, ndipo uwape seli. Ukianza kutia NGF, kingamwili ikafuata baadaye, NGF iliyokwisha kumezwa pamoja na TrkA inaendelea kutoa ishara ikiwa ndani ya seli, ambako kingamwili haifiki.

Hapa kuna mtego ambao nauogopa kuliko yote. Kingamwili nyingi huhifadhiwa na azidi ya sodiamu, kemikali ya kuzuia bakteria, mara nyingi asilimia 0.09. Ukizimua mara 5,000 huna wasiwasi. Lakini ukipanda hadi mikrogramu 50 kwa mililita umezimua mara 20 tu, na seli zako zinaogelea kwenye azidi ya karibu milimola 0.7. Azidi inakaba upumuaji wa mitokondria. Vinyuzi vitafupika, utashangilia, na kumbe umezitia seli sumu. Nunua isiyo na azidi, au uiondoe kwa dayalisisi (kuchuja kupitia utando) kabla ya kuanza.

Kontroli, yaani sahani za kulinganishia, ndizo zitakazokuokoa mbele ya watahini. Weka IgG ya kawaida ya mnyama yule yule, kwa kiasi kile kile na bafa ile ile. Weka sahani ambayo NGF imeongezwa mara kumi juu ya kingamwili: vinyuzi vikirudi, umeonyesha kuwa seli ni nzima na kilichokosekana ni NGF. Ninayoipenda mimi ni ya tatu, na watu huisahau. PC12 huota vinyuzi pia kwa FGF-2, protini nyingine ya ukuaji. Wape FGF-2 pamoja na kingamwili yako; vinyuzi vikiota bila kupungua, kingamwili inachagua adui wake.

Njia hii ina historia nzito. Katika kazi iliyofanyika St. Louis, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1960, Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini waliwadunga panya wachanga seramu ya sungura waliochanjwa dhidi ya NGF. Ganglia za simpathetiki za panya hao, yaani vifundo vya neva zinazoendesha viungo bila hiari, karibu zitoweke. Kabla ya hapo ilijulikana kwamba NGF inaweza kukuza neva. Sasa ilionekana kwamba mwili wenyewe unaitegemea. Mpaka leo, anayelima neuroni za simpathetiki za panya wachanga huondoa NGF na kuongeza kingamwili ili kufagia mabaki, na ndani ya siku moja au mbili neuroni zinaanza kufa. PC12 zenye seramu hazifi hivyo, kwa hiyo wewe hesabu vinyuzi, usisubiri vifo.

Kuhusu BDNF, mwambie msimamizi wako hapana. Undugu wake na NGF ni wa takriban nusu ya amino asidi tu, na kingamwili nzuri dhidi ya NGF ni ile isiyomgusa ndugu huyo. Isitoshe, PC12 za kawaida hazina TrkB, kipokezi cha BDNF, kwa hiyo hata mngepata kingamwili kamili msingekuwa na mwitikio wa kuzima. Kwa BDNF tumieni neuroni za ubongo wa kijusi cha panya, au PC12 zilizopandikizwa jeni ya TrkB.