Usiulize kwa nini hawarudi: utafiti tendaji kwa wanaosomea ushauri nasaha

Kila mwaka msimu wa memwari (tasnifu ya kumalizia masomo) unapofika, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja kutoka kwa wanafunzi wa masta wa saikolojia na ushauri nasaha hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo: "Dada, msimamizi wangu amesema nifanye utafiti tendaji. Naanzia wapi?" Nimewajibu wengi kwa sauti ya WhatsApp, nikiwa nyuma ya pikipiki, nusu ya maneno yakipotea njiani. Leo naandika.

Niseme kwanza jambo lililonichukua miezi kulielewa. Swali la utafiti tendaji, yaani utafiti unaochunguza kazi huku ukiibadilisha, linahusu kazi yako wewe. Halihusu wale wanaokuja kwako. Ukilikosa hilo mwanzoni unaweza kuandika memwari nzuri sana, lakini itakuwa ya aina nyingine.

Staji yangu, yaani mafunzo ya kazini, ilikuwa katika nyumba ya kusikilizia watu, kwenye mlima wa Kadutu, hapa hapa Bukavu. Chumba kimoja, viti viwili, paa la mabati. Mvua ikinyesha hamsikiani, mnakaa kimya mpaka ipungue. Wanawake walikuja. Shida ni kwamba zaidi ya nusu walikuja mara moja tu. Kwa hiyo nikaandika swali langu: ni sababu gani zinazowafanya wanawake wa Kadutu wasiendelee na ushauri nasaha? Majibu nilikuwa nayo tayari: aibu, waume, nauli. Nikatunga hojaji ya maswali 32 na kuipeleka kwa msimamizi wangu. Aliisoma yote, akaniuliza, "Na wewe uko wapi humu ndani?"

Sikumwelewa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu darasani miaka yote tulifundishwa kwamba mtafiti mzuri ni yule asiyeonekana.

Utafiti tendaji una historia yake, na kuijua kunasaidia utakaposimama mbele ya juri, walimu wanaotahini memwari. Jina hilo lilienezwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1890, akahamia Marekani 1933 Wanazi waliposhika utawala Ujerumani. Mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya kufa, aliandika kwamba utafiti unaozaa vitabu peke yake hautoshi. Alitaka utafiti unaokwenda hatua kwa hatua: unapanga, unatenda, unachunguza kilichotokea, kisha unapanga upya kwa kile ulichokiona. Baadaye Stephen Kemmis na Robin McTaggart wa Australia waliifanya hatua ya kutafakari isimame peke yake, na ndiyo maana leo wanafunzi wengi wanakariri hatua nne. Sisi Waswahili tuna sehemu yetu katika historia hiyo. Miaka ya 1970, huko Tanzania, Marja-Liisa Swantz kutoka Ufini na wenzake walifanya utafiti shirikishi na wanavijiji upande wa Bagamoyo, katika mradi ulioitwa Jipemoyo. Hilo jina nalipenda. Wanakijiji hawakuwa watu wa kuhojiwa tu. Walikaa pamoja na watafiti kuuliza maisha yao yanaendaje na nini kibadilike.

Turudi Kadutu. Msimamizi alinipa kazi moja tu kwa wiki mbili: daftari lenye safu mbili. Kushoto, ninachoona na kusikia. Kulia, ninachofikiri. Kila baada ya mazungumzo, dakika kumi za kuandika kabla mwingine hajaingia. Kama utachukua kitu kimoja tu katika makala hii, chukua daftari hilo.

Ukurasa mmoja ulikuwa hivi. Kushoto: "Amekaa ukingoni mwa kiti. Kikapu mapajani, mikono yote miwili juu yake. Tulipofika swali la 9 ameangalia mlango." Kulia: "Ana aibu." Ukurasa uliofuata, mwanamke mwingine, kushoto: "Swali la 9, amenyamaza, amekunja ncha ya kitenge." Kulia: "Ana aibu." Wiki mbili zilipoisha nilisoma safu ya kulia kutoka juu hadi chini, nikakuta nimeandika aibu, aibu, aibu. Safu ya kushoto nayo ilikuwa inasema kitu kingine kabisa: swali la 9.

Swali la 9 kwenye fishi ya kituo, ile fomu ya kumjaza anayekuja, lilikuwa hili: umezaa watoto wangapi, walio hai ni wangapi, waliokufa ni wangapi?

Nililiuliza dakika ya tatu au ya nne. Nikiwa nimeshika kalamu. Kwa mwanamke ambaye hajui hata jina langu vizuri. Kisha nikaandika kwamba tatizo ni aibu yake.

Siku chache baadaye mama mmoja mzee, kati ya wachache waliokuwa wakirudi, nilimuuliza mara ya kwanza alinionaje. Alijibu kwa upole, "Weye haukuniangaliya. Uliangaliya karatasi tu." Niliandika maneno yake kushoto. Kulia sikuandika kitu.

Hapo swali langu likageuka. Kutoka "kwa nini hawarudi?" likawa "mimi nafanya nini katika saa ya kwanza, na nikikibadilisha, nini kitatokea?" Swali la namna hii unaweza kulifanyia kazi kesho asubuhi. Waume wa Kadutu huwezi kuwabadilisha kwa memwari, na nauli huwezi kuilipa. Kalamu unaweza kuiweka mezani.

Kwa pupa yangu, nilibadilisha mambo matatu kwa mkupuo: niliacha fishi siku ya kwanza, nikahamisha mazungumzo kutoka mchana hadi asubuhi, na nikaanza kuwapa chai. Wakaanza kurudi. Nilifurahi mpaka msimamizi aliponiuliza ni lipi kati ya hayo matatu lililowarudisha. Wengi wao ni wachuuzi, na asubuhi soko la Kadutu halijachangamka. Labda ilikuwa saa tu. Labda chai. Si kwamba utafiti tendaji unadai vipimo vya maabara, maana maisha hayabadiliki kitu kimoja kimoja. Lakini memwari ina muda mfupi, na wewe ndiwe utakayeulizwa. Katika mzunguko wa pili, yaani nilipopanga na kutenda upya, niliacha saa na chai kama vilivyokuwa, nikashughulika na saa ya kwanza peke yake: kalamu chini, swali moja la kufungulia, na fishi kujazwa polepole hadi mkutano wa tatu.

Fishi haikuwa yangu, na jambo hili wanafunzi wengi hulisahau. Kituo kiliitumia kutoa ripoti kwa wafadhili kila mwisho wa mwezi. Nilimwendea mkuu wa kituo na kurasa sita za daftari, majina yamefichwa, nikamsomea safu ya kushoto. Alikubali nijaribu kwa miezi miwili. Ningemwendea na nadharia za Carl Rogers, mwanasaikolojia tunayemsoma darasani, peke yake, sidhani kama angekubali. Mpango unaohitaji ruhusa ya mtu mwingine uandike hivyo tangu mwanzo, na umpe huyo mtu nafasi ya kuuliza naye.

Kuhusu ushahidi, nenda na mafiga matatu, kwa sababu chungu hakikai juu ya mawili. Yangu yalikuwa rejista ya kituo inayoonyesha nani karudi, daftari langu, na mazungumzo ya mwenzangu wa darasa na wanawake sita bila mimi kuwepo. Figa la tatu ndilo gumu na ndilo lenye thamani. Mbele yangu walisema mambo yote ni mazuri. Kwake walisema nikisikiliza huwa nasema "ndiyo, ndiyo, ndiyo" haraka haraka, kama mtu anayetaka wamalize.

Wengi huniuliza kuhusu PHQ-9, ile hojaji ya maswali tisa ya kupima dalili za sonona, yenye alama kutoka 0 hadi 27. Ni kifaa kizuri, kitumie ukihitaji kujua hali ya mtu. Lakini kinapima hali yake. Hakikuambii wewe ulifanya nini chumbani. Na ukiwa na watu 11, tafadhali usiandike asilimia. Andika "saba kati ya 11" na msomaji ataelewa.

Sasa nifike kwenye ridhaa, ambapo nawaomba msiharakishe.

Mshauri nasaha anayefanya utafiti katika chumba chake mwenyewe amevaa kofia mbili, na anayekaa mbele yake haoni tofauti. Huku Kivu watu wamehojiwa miaka na miaka. Kuna mwanamke ambaye ukitoa karatasi tu ananyoosha kidole gumba kutafuta wino kabla hujamaliza kusoma. Mama wa kwanza niliyemsomea fomu ya ridhaa aliniambia, "Ntasaini, mwana wangu, juu usinifukuze," yaani ili nisimfukuze. Nilirudisha fomu kwenye bahasha. Ridhaa ya namna ile ni woga uliotiwa sahihi.

Tulichofanya: mwenzangu, ambaye hakuwa mshauri wa yeyote pale, ndiye aliyeomba ridhaa, na siku ambayo si ya mazungumzo. Alianza na yale ambayo hayatabadilika: ukikataa, siku yako iko palepale, kiti chako kiko palepale. Akaomba tena mzunguko wa pili ulipoanza, kwa sababu aliyekubali mwezi wa kumi hajakubali kwa mwaka mzima. Wawili walikataa. Waliendelea kuja, nami niliendelea kuwasikiliza, na hakuna neno lao hata moja katika memwari yangu. Mmoja wao alisema jambo ambalo lingeupamba utafiti wangu kuliko yote. Limebaki kwake.

Majina yasikae daftarini. Daftari langu lilikuwa na namba tu, na orodha inayounganisha namba na majina ilikuwa nyumba nyingine. Nilifanya hivyo kwa sababu tuliagizwa darasani, bila kulifikiria sana. Februari 2025 vita ilipoingia Bukavu, nilikwenda kuichukua orodha ile nikaichoma kwenye mbabula, jiko la makaa, nikasimama pale mpaka ikawa majivu. Wanawake wale walikuwa wameniambia mambo yenye majina ya watu ndani yake. Mkiwa Goma au hapa, msingoje vita ndipo mfikirie daftari zenu zimelala wapi.

Kituo kilifungwa kwa muda. Mzunguko wa pili ulikatika katikati, na nilidhani kazi imekufa. Haikufa. Utafiti huu unakuruhusu kuandika kilichotokea: mpango ulikuwa hivi, ukakatika hapa, waliorudi milango ilipofunguliwa ni hawa, nami nilijifunza hili. Usijaze pengo kwa maneno. Liandike kama pengo.

Kwenye juri mtaulizwa sampuli na ipoteze (dhana unayoanza nayo na kuipima). Msikasirike, walimu wetu wengi wamekulia kwenye utafiti wa namna hiyo, na una kazi yake. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kivu Kusini kuhusu tiba ya vikundi kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, ukilinganisha vijiji vilivyopata tiba hiyo na vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja. Utafiti ule ulitaka kujua kama tiba inasaidia, na kwa swali hilo unahitaji watu wengi na mlinganisho. Mimi nilisimama nikasema: swali langu ni nifanye nini katika chumba hiki, na wanawake hawa, saa ya kwanza. Sidai kwamba ni hivyo Lubumbashi. Nimeeleza chumba, fishi, kalamu na saa, ili mwenye chumba kinachofanana na changu aamue mwenyewe. Walinibana kwa muda mrefu kidogo, kisha mmoja wao akaomba kuliona daftari.

Kabla ya kupeleka memwari kuchapwa, rudisha matokeo kwa wenyewe. Yangu iliandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo nilitoa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, nikausoma kwa wale waliokubali. Nilipofika niliposema kwamba wanawake walianza kurudi kwa sababu walijisikia kusikilizwa, yule mama mzee aliinua mkono. "Hapana. Sikurudi juu ulinisikiliza. Nilirudi juu uliniacha ninyamaze."

Nilifuta aya nzima. Sentensi yake iko sura ya nne, kwa Kiswahili kama alivyoisema, na Kifaransa chini yake.