Kwa wanaoanza zamu: ukanda wa theluji ya majira ya kuchipua

Wiki iliyopita nilimwona mtabiri mpya wa hali ya hewa akichukua milimita 20 za mvua kutoka kwenye modeli ya kompyuta, akazizidisha kwa kumi, akaandika sentimita 20 za theluji, kisha akaenda kunywa chai kwa amani kabisa. Sikumgombeza, kwa kuwa kosa hilo tumelirithishana. Hata hivyo, vijana wangu, someni haya kabla hamjaachiwa zamu ya usiku peke yenu.

1. Ule uwiano wa kumi kwa moja, yaani kina cha theluji kwa kina cha maji yake, uacheni pamoja na makoti ya baridi kali. Theluji ya majira haya imejaa maji, na sita au saba kwa moja si ajabu. Mchana lami iliyopigwa na jua huyeyusha sehemu yake, ila ikianguka kwa kasi, lami nayo hushindwa.

2. Someni balbu nyevu (joto ambalo hewa hufikia ikipozwa na maji yanayovukizwa ndani yake) kabla ya balbu kavu (joto la kawaida la hewa). Hapa sina budi kukiri. Katika zamu moja ya jioni, zamani, kituo kilionyesha nyuzi joto 3, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kuganda kuwa matone, nyuzi 4 chini ya sifuri. Niliitazama ile 3, nikaandika "mvua", nikatia saini. Sikujisumbua kukokotoa kwamba balbu nyevu ilikuwa imekaribia sifuri: matone yangevukizwa katika hewa ile kavu na kuipoza, kisha theluji iliyokuwa ikiyeyuka njiani ingenyonya joto lililosalia, hadi tabaka lote la chini lisimame kwenye sifuri. Rada ilinieleza wazi. Pete angavu ya theluji inayoyeyuka ilikuwa ikisinyaa kuelekea kituoni, yaani kimo cha kuyeyukia kilikuwa kinashuka, nami nikasema chombo kina hitilafu. Saa nne usiku dereva wa gari la kusafisha barabara akapiga simu: "Mzee, hiyo mvua yenu imezilemea waipa." Nilimjibu, kwa sauti ya msomi, kwamba huenda ni mvua ya mawe. Hakubishana, aliteremsha kioo na kuitoa simu nje, nikasikia kimya kitupu. Mvua ya mawe haina kimya. Na bado, kwa kuogopa aibu, marekebisho yangu ya kwanza yalisema "theluji nyepesi", wakati matawi yenye majani machanga yalikuwa yanakatikia juu ya nyaya za umeme.

3. Ukanda wenyewe, yaani mstari mwembamba wa theluji nzito, utafuteni pale hewa ya joto na ya baridi zinapobanwa pamoja, mara nyingi kaskazini-magharibi mwa kitovu cha mgandamizo mdogo wa hewa kwa walio kizio cha kaskazini. Mwinuko mkali wa hewa ukiangukia tabaka la nyuzi 12 hadi 18 chini ya sifuri, ambamo fuwele za theluji hukua vizuri zaidi, ongezeni kiasi bila woga. Modeli zikigombana kuhusu mahali, msichukue wastani wake, kwani wastani hupaka theluji kidogo kila mahali, jambo ambalo ukanda haulifanyi kamwe: kijiji kimoja huzikwa, jirani yake hupata manyunyu.

4. Ubao wa kupimia theluji usipanguswe zaidi ya mara moja kila baada ya saa sita, kwa kuwa ukipanguswa mara kwa mara theluji haipati nafasi ya kujishindilia na jumla huvimba. Mwenzenu mmoja aliupangusa kila saa usiku kucha, akajumlisha kwa bidii ya kusifika, na asubuhi akatangaza kimo kilichouzidi ua wa kituo, ambao sote tulikuwa tunauona dirishani.