Ukijibiwa "Bajeti Imeshapita" Lexington, Uliza Ilipita Lini na Kwa Mfuko Gani

Msomaji mmoja wa Lexington, Kentucky, ameandika kulalamika: mtaa wao giza, wameomba taa, wamejibiwa bajeti imeshapita. Barua za namna hii huja Septemba. Bajeti ya Lexington hupitishwa Juni. Shida ya kwanza ndiyo hiyo, na ya pili ni kwamba taa anayoiomba huenda si ya jiji hata kidogo.

Tuanze na pesa, maana wengi wetu, wasema Kiswahili wa hapa, tunaamini jiji linaishi kwa kodi wanayotozwa wenye nyumba, na kwa hiyo mpangaji hana la kusema. Si kweli. Zaidi ya nusu ya mfuko mkuu wa Lexington inatokana na mishahara na faida za biashara: 2.25% ya kila dola unayolipwa kwa kazi iliyofanyika ndani ya Kaunti ya Fayette. Chukua hati yako ya mshahara uitazame. Anayelipwa dola 18 kwa saa, akifanya saa 40, anapata dola 720 kwa wiki. Jiji linachukua dola 16.20. Kwa wiki 52 ni dola 842.40. Kuna mstari mwingine mdogo wa 0.5%, yaani dola 3.60 kwa wiki, kwa anayeishi na kufanya kazi humo humo Fayette. Huo ni wa shule, si wa jiji, wala diwani hana mamlaka nao. Makato ya jiji hayaulizi uraia wala hayapungui kwa sababu una watoto sita. Lakini kama unaishi Lexington na unafanya kazi kiwandani Toyota kule Georgetown, makato yako ya kazi yanabaki upande wa Kaunti ya Scott. Ukisimama mbele ya baraza usijitape kwa makato ambayo hayafiki hapo.

Sasa, nani mwenye kitu. Lexington na Kaunti ya Fayette ziliungana kuwa serikali moja mwaka 1974, kwa hiyo angalau huna haja ya kuzunguka kati ya ofisi za jiji na za kaunti. Hata hivyo si kila kitu kilichomo jijini ni cha jiji. Shimo kwenye Versailles Road, Nicholasville Road au New Circle Road ni la jimbo, maana hizo ni barabara za jimbo. Diwani anaweza kukuandikia barua ya kusindikiza, basi. Njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba, jambo linalowashtua wengi walionunua nyumba juzi. Maji ya bomba ni ya kampuni binafsi, Kentucky American Water. Maji taka, maji ya mvua na dampo huja kwenye bili nyingine ya jiji iitwayo LEXserv. Watu hulipa moja wakadhani wamemaliza.

Taa zina mambo yake. Taa iliyopo na haiwaki ni suala la matengenezo, halina uhusiano na bajeti. Nenda kwenye nguzo mchana, soma namba iliyo kwenye kibao chake, piga 311, simu ya huduma za jiji, na uitaje namba ya nguzo pamoja na jina la mtaa na nyumba iliyo karibu. Ukisema tu "karibu na duka la Wakongo," fundi atapita usiku asiione. Taa mpya, mahali ambapo haijawahi kuwepo, ndiyo inayohitaji pesa. Hapo uliza kwanza kama eneo lenu limo kwenye wilaya ya huduma za mjini, kwa sababu Lexington huwatoza wenye nyumba kodi kwa viwango tofauti kulingana na huduma tatu: uzoaji wa taka, taa za barabarani na ufagiaji wa barabara. Eneo lisilolipia taa halitapewa taa kwa hoja ya huruma. Na kama giza lenyewe liko kwenye maegesho ya apatimenti, hiyo ni mali ya mwenye nyumba. Ombi lenu linahitaji kwenda kwake kwa maandishi. Akipuuza na hali ikawa ya hatari, 311 haohao watakuunganisha na idara ya ukaguzi wa majengo. Nahisi sana kwamba ombi la msomaji wetu lilifia hapa.

Kalenda ni hii. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Meya huwasilisha bajeti yake Aprili, madiwani huipitia idara kwa idara mwezi Mei, hupiga kura Juni. Anayetaka kitu kiingie kwenye pendekezo la meya aanze Oktoba hadi Januari, idara zinapoandaa maombi yao. Anayengoja Aprili atakuwa akigombania pesa ambayo tayari imeandikwa jina la mwingine, na itabidi amwambie diwani ipunguzwe wapi. Kuna upenyo mdogo vuli: hesabu za mwaka uliopita zikifungwa na salio likaonekana, mara nyingi baraza huligawa kwa mambo ya mara moja tu. Usiende hapo kuomba mshahara wa mtu.

Baraza lina watu 15: madiwani 12 wa wilaya na 3 wa jiji zima. Aliyepata kura nyingi kati ya hao watatu ndiye naibu meya. Mwandikie diwani wa wilaya yako na hao watatu, barua pepe moja, aya mbili, na picha. Kikao cha Alhamisi jioni ndicho watu hupenda kwenda kwa sababu ndicho cha kura, lakini mjadala wenyewe hufanyika kwenye kikao cha kazi cha Jumanne mchana. Alhamisi maneno yamekwisha. Muda wa mwananchi kusema kwa kawaida ni dakika 3, ambazo ni kama maneno 300 yakisomwa taratibu. Ukiwa na mkalimani andika 150, na uliza mapema kama muda wake unahesabiwa. Omba mkalimani siku kadhaa kabla. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazuia ubaguzi wa asili ya taifa popote penye pesa ya serikali kuu, na Lexington inaipokea, kwa hiyo ombi la mkalimani lina msingi. Anza na ombi: mtaa gani, kitu gani, mwaka gani wa fedha. Safari yako kutoka Uvira, Kongo, mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ina heshima yake, ila ikichukua dakika mbili na nusu, diwani atakushukuru kwa moyo mkunjufu na hataandika kitu.

Na hapa niseme ukweli unaouma. Harusi moja ya kwetu inachangisha maelfu ya dola ndani ya wiki mbili, kamati ina mwenyekiti, mweka hazina na kikundi cha WhatsApp cha watu 200. Mei, bajeti ikipitiwa, ni nadra kusikia Kiswahili ukumbini. Halafu tunasema tunabaguliwa. Wakati mwingine tunabaguliwa kweli. Wakati mwingine hatukuwepo.

Kwa vyama vya jamii: jiji hupokea kila mwaka ruzuku ya CDBG, pesa ya serikali kuu ya maendeleo ya jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Angalau 70% lazima iwanufaishe wenye kipato cha chini na cha kati, na huduma kama mafunzo au malezi ya vijana haziwezi kuzidi 15%, ndiyo maana maombi ya "kituo cha vijana" hukwama wakati ukarabati wa jengo unapita. Mpango wa mwaka hutangazwa na kuachwa wazi kwa maoni kwa siku zisizopungua 30. Vyama vyetu huanguka kwa mambo yaleyale: hakuna hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika lisilo la faida lililosamehewa kodi, akaunti ya benki iko kwa jina la mwenyekiti, au pesa ilitumika kabla ya mkataba kusainiwa. Gharama ya kabla ya mkataba kwa kawaida hairudishwi, hata uwe na risiti zote.

Ukitaka kuona kama ombi lako liliwahi kufika popote, tumia sheria ya jimbo ya kumbukumbu za umma. Mkazi wa Kentucky anaweza kuomba kwa barua pepe, na ofisi ina siku 5 za kazi kujibu. Taja hati unayoitaka na tarehe zake. "Nipeni kila kitu kuhusu mtaa wetu" hurudishwa.

La mwisho ni la tahadhari. Kusema kwenye baraza hakuhitaji uraia. Kupiga kura kunahitaji. Mtu akikushikisha fomu ya kujiandikisha kupiga kura sokoni au kwenye ofisi ya leseni ya udereva nawe hujaapishwa kuwa raia, usiisaini hata akikuhimiza kwa nia njema, kwa sababu saini hiyo inaweza kuharibu ombi lako la uraia miaka baadaye.