Kwenda sinema bado kunalipa? Hesabu yake iko hivi

Wakuu, swali ni kama kuna maana ya kulipia tiketi ya sinema hapa Dar wakati muvi ileile itaingia mtandaoni baada ya muda mfupi. Inalipa, ila kwa filamu za aina fulani, na katika ukumbi ambao vyombo vyake viko sawa. Hili la pili wengi hawalifikirii, na ndilo linalokula hela zao.

Kwanza gharama. Chukua mfano wa familia ya watu wanne, halafu weka bei za ukumbi wako. Tiketi 12,000 kila mmoja ni 48,000. Bisi na soda, 30,000. Teksi kwenda na kurudi, 20,000. Jumla 98,000, na tiketi haijafika hata nusu. Bisi ni ghali kwa sababu sehemu kubwa ya hela ya tiketi, mara nyingi karibu nusu, inakwenda kwa msambazaji wa filamu, kwa hiyo ukumbi unapata faida yake kwenye kaunta ya vyakula. Anayetaka kubana matumizi aanzie hapo: kuleni nyumbani kabla ya kutoka, na ulizia siku ya punguzo, ambayo kwa kawaida huwa katikati ya wiki.

Tiketi ya 3D achana nayo. Kichujio cha projekta na miwani vinakula zaidi ya nusu ya mwanga, na mwanga wenyewe ulikuwa kidogo tangu mwanzo. Kipimo cha mwanga wa sinema kwa picha ya kawaida ni kandela 48 tu kwa mita ya mraba, wakati TV ya sebuleni inaweza kufika 300 bila shida. Picha ya sinema inapendeza kwa sababu ukumbi una giza na jicho limeshalizoea. Ndiyo maana simu moja ikiwashwa safu ya mbele inakuharibia kila kitu: kioo chake kinaweza kung'aa mara nane kuliko skrini unayoitazama. Si suala la adabu peke yake, jicho lako linabana upya na kila kilichomo kwenye vivuli kinapotea.

Sasa kiti. Wengi hukimbilia safu ya mwisho na kujipunguzia picha waliyoilipia. Nyoosha mkono mbele yako, tanua vidole: shibiri moja, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, ni kama nyuzi 20. Kaa pale ambapo skrini inajaza shibiri mbili kwa upana. Kwa kumbi nyingi hapo ni kama theluthi mbili ya ukumbi kutoka kwenye skrini, katikati ya safu, na ndipo sauti nayo huwa imepimwa. Ukijaribu shibiri hiyo nyumbani utashangaa: TV ya inchi 55 ukiwa umbali wa mita 3 inajaza kama shibiri moja tu, na simu ya inchi 6 iliyo sentimita 30 kutoka usoni haipitwi na TV hiyo.

Upande wa sauti, maongezi karibu yote yanatoka kwenye spika ya katikati, nyuma ya skrini yenye vitundu vidogo vidogo. Spika hiyo ikiungua kipaza chake cha sauti za juu, utasikia watu wanaongea kama wamefunikwa blanketi huku muziki wa pembeni ukiwa safi. Tatizo jingine ni kitufe chenye namba cha kupandisha na kushusha sauti ya ukumbi. Sauti ya filamu hutengenezwa ikitegemea kitufe hicho kiwe kwenye namba 7. Matangazo yanapiga kelele, wateja wanalalamika, fundi anashusha hadi 5 na kuiacha hapo. Kila hatua ni kama desibeli 3.3, kwa hiyo zimeondoka kama 6.6, na minong'ono yote inazama.

Ukiona kasoro, toka ndani ya dakika kumi za kwanza ukamwambie mhudumu. Siku hizi mara nyingi hakuna mtu anayekaa chumba cha projekta. Ratiba inajiendesha kwenye kompyuta na fundi mmoja anasimamia kumbi kadhaa, kwa hiyo msiposema hajui. Sema kitu mahususi: "maongezi hayasikiki ila muziki unasikika", au "picha imekatwa juu". Picha ikiwa na giza la kijivujivu, chanzo mara nyingi ni taa ya projekta (xenon) iliyochoka au kioo cha dirisha la projekta chenye vumbi, na hayo hayarekebishiki usiku huo. Omba kurudishiwa hela au tiketi ya siku nyingine. Na ukiambiwa filamu mpya "imegoma kufunguka", huenda ni kweli: faili huja limefungwa, na ufunguo wake hutolewa kwa mtambo mmoja na kwa muda maalumu. Ufunguo ukichelewa au ukikosewa, onyesho halipo.

Kwa watakaobaki nyumbani, kabla hujanunua TV kubwa zaidi, rekebisha uliyonayo. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya sinema, kisha zima ile ya kulainisha mwendo, ndiyo inayofanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana. Kama huna spika zaidi ya za TV, weka sauti iwe stereo kwenye programu unayoangalizia muvi, ikibaki 5.1, ile ya spika sita, maongezi yanaweza kuzama kwenye muziki. Sabufa usiiweke kwenye kona ya chumba, besi itavuma kupita kiasi. Bando nalo ni gharama: picha ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa, 4K hadi 7. Muvi ya saa mbili na nusu ya 4K inaweza kumaliza zaidi ya GB 17, na ukiangalia peke yako kwa bando la simu, linganisha na bei ya tiketi kabla hujasema nyumbani ni bure.

Nini cha kulipia basi? Filamu zenye mandhari kubwa na sauti nzito, za kutisha, na vichekesho, maana kicheko cha ukumbi uliojaa hukipati sebuleni. Filamu ya watu wawili wanaobishana jikoni isubiri nyumbani. Filamu za kwetu ndizo pekee ninazosema nenda hata kama ni za jikoni, tena wiki ya kwanza, kwa sababu kumbi hupanga maonyesho ya wiki inayofuata kwa kuangalia tiketi zilizouzwa, na filamu iliyoanza na viti vitupu inasogezwa saa nane mchana siku ya kazi, kisha inaondolewa.