Simu ya video ina pande mbili: niliyojifunza kwa mama

Simu ya kupangusa niliyomnunulia mama ilikaa Lushoto miezi mitatu, na muda wote huo nilikuwa naongea na sikio lake. Napiga simu ya video kutoka Dodoma, anapokea, anaiweka sikioni kama alivyozoea kitochi chake, nami naona hereni na upindo wa kanga. "Mama, itazame simu." "Mbona nakusikia vizuri tu, baba." Nikalaumu mtandao. Kosa lilikuwa langu, maana nilifikiria upande wangu peke yake.

Kosa hilo limewahi kuwaangusha wakubwa. Mwaka 1964, kwenye Maonesho ya Dunia ya New York, kampuni ya simu ya Marekani AT&T ilionyesha Picturephone, simu yenye kioo cha kumwona unayeongea naye. Mwaka huohuo ikafungua vibanda New York, Washington na Chicago. Dakika tatu kati ya New York na Washington zilikuwa dola 16, na mwenzako naye ilibidi aende kwenye kibanda cha mji wake. Mwaka 1970 wakaanza kuiuza Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi. Haikushika. Bei iliwashinda wengi, lakini hata mwenye pesa angempigia nani, kama ndugu na wateja wake hawana?

Enzi za Skype, programu ya kupigiana simu kwa intaneti iliyoanza mwaka 2003, tatizo lilikuwa hilohilo. Dada yangu alikuwa Uingereza, tunapeana miadi kwa ujumbe mfupi, nakwenda intaneti kafe na kukuta kompyuta yenye kamera ina mtu. Mwaka 2016 WhatsApp ikaleta simu za video, chombo kikaingia mfukoni, na miadi tukaiacha. Mimi nasema turudishe miadi. Mzee ukimkurupusha akiwa jikoni, atapokea kwa haraka, hakuoni wala humwoni.

Likizo iliyofuata nilikaa na mama siku nne, na kazi ikawa hiyo. Usimnyang'anye mzazi simu mkononi ili umwonyeshe. Mwache abonyeze mwenyewe, akosee, arudie. Mimi nilitoka uani nikawa nampigia kutoka kwenye mgomba, mara sita au saba kwa siku, mpaka kidole chake kikazoea kukivuta kile kitufe cha kijani.

Mwanga nao una mambo. Lushoto kuna baridi, na asubuhi mama hupenda kulipa dirisha mgongo aote jua. Kwenye kioo anakuwa kivuli cheusi. Tukageuza kiti. Simu tukaiegemeza kwenye chupa ya chai, kwa sababu mkono wa mzee huchoka na baada ya dakika mbili unaongea na dari. Spika ya nje iwashwe, redio izimwe.

Halafu bando. Wengi husahau kwamba anayepokea simu ya video naye analiwa data. Mnunulie kabla hujampigia. Mtandao ukisuasua, zimeni kamera mbaki na sauti, ni nyepesi zaidi. Sikuona haja ya kumnunulia vile vioo maalumu vya kuweka mezani, maana vingi vinataka Wi-Fi nyumbani. Simu ya kawaida yenye kioo kipana na spika yenye nguvu inatosha.

Kwa sauti, mama yangu ni mzima siku zote. Wiki tatu mfululizo aliniambia mguu haujambo. Siku moja nikamwomba ageuze kamera anionyeshe. Mguu ulikuwa juu ya kigoda, umevimba hadi kifundoni, ngozi inang'aa, na mkanda wa ndala umeacha mfereji. Shemeji yangu alimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Ningeendelea kusikiliza "sijambo" zake, sijui tungefika wapi.

Lakini hapo nilikosea tena. Nilipiga picha ya kioo cha simu nikaituma kwenye kundi la familia. Watu wakaanza kumpa pole kwa jambo ambalo hakumwambia mtu. Alinyamaza siku mbili. Ukishaonyeshwa mwili wa mzazi wako, umeonyeshwa wewe. Muulize kwanza nani mwingine aone, na akikataa, basi. Hata ukiwa na rafiki karibu yako chumbani, mwambie mzazi mapema kwamba hauko peke yako.

Siku yetu sasa ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, akishakunywa chai. Jumamosi iliyopita alinitangulia, akapiga saa tatu kasoro dakika tano. Kiti kilikuwa kimeelekea dirishani, simu imetulia, kanga mpya kichwani. "Shikamoo mama." "Marahaba baba," akasema, akasogea karibu na kioo. "Mbona umekonda?"