Ile ngazi yako na pete ya watu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza bila miwani. Unauliza ile sini ya jamaa akipanda ngazi na msichana yuko ndani peke yake, uanze na zumu ya Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu, ama ushike simu mkononi umfuate jamaa mgongoni hadi gorofa ya nne. Na mwalimu anataka orodha ya shoti Ijumaa.

Zumu tuimalize haraka. Ile ya filamu yake ya Vertigo, 1958, kamera inarudi nyuma huku lenzi inavuta mbele, hawakuipiga kwenye ngazi ya kweli. Walitengeneza kangazi ka mfano wakakalaza ubavu, kamera ikapita zake. Wewe una ngazi za fleti za mtaa wa Umoja, zilezile tulizoshushia kochi la mamako hadi leo lina rangi ya ukuta mguuni. Reli ya kamera utaweka wapi? Lakini sijasema usijaribu.

Wacha nikuambie ya pete. Najua umeisikia kwa mamako akicheka, lakini yeye husimulia mwisho tu. Ilikuwa 1994, harusi ya watu wenye pesa zao, mimi na ile VHS ya begani. Nilikuwa nimesimama pembeni, na kabla padri hajafika kwenye pete nikamwona msimamizi wa bwana harusi anajipapasa. Mfuko wa koti. Mfuko wa suruali. Anarudi kwa koti. Kanisa zima linamwangalia bibi harusi anavyotabasamu, ni mimi tu na huyo kijana tunajua. Nikavuta lenzi kwenye ile mikono nikakaa hapo, bitana ya mfuko imetoka nje kama ulimi wa mbwa, vidole vinatetemeka, padri anaendelea tu kusoma. Mfuko ulikuwa umetoboka, pete ikatokea chini kwa mguu wa suruali.

Siku ya kuwaonyesha kaseti sebule ilinyamaza, shangazi mmoja ameshika mdomo, na wote walikuwepo, wote wanajua pete ilipatikana! Halafu mama ya bwana harusi akauliza, na uso wa bibi harusi uko wapi? Sikuwa nao. Salio sikulipwa, na kaseti nikaambiwa nifute mbele yao, nikafuta.

Walikuwa na haki, walilipia uso. Eeh, walikuwa na haki. Lakini miaka thelathini sijapiga kitu kama kile tena.

Baadaye nikasoma Hitchcock akimweleza Truffaut, mwongozaji mwenzake Mfaransa, mambo ya bomu chini ya meza, kwamba watu wasipojua liko hapo utawashtua sekunde 15, wakijua utawatesa dakika 15. Nilipiga meza mamako akadhani kuna msiba. Mtazamaji ajue kwanza! Si nimekuimbia hii tangu ukiwa darasa la sita?

Kwa hivyo mimi ningeuliza, jamaa akiwa gorofa ya pili, msichana anafanya nini, na nani ameona komeo la mlango halikuingia? Komeo likionekana mapema, karibu kabisa, hata ukimpiga jamaa kutoka mbali ametulia na mfuko wake wa sukuma wiki, watu watajikunja. Lakini pengine ukimfuata mgongoni tunakuwa yeye, na hiyo nayo inatisha kivyake, sijui, wewe ndiye unasomea. Sikuchagulii. Ukinibana sana nitasema usimfuate, ila sijasema.

Chochote utakachochora, kumbuka sini ya bafu ya Psycho, filamu nyingine ya Hitchcock, ilikula kama wiki nzima kuipiga na wewe una Jumamosi moja na simu ya kuazima, na jua la hapa kufika saa moja limeshaenda. Anza na komeo, halitaki mwigizaji.

Na upige uso wa msichana pia, hata mara moja tu. Watauliza.

Baba